Kibanda cha bata kilichoaibisha bunge la Uingereza, na kwanini skendo kama ile kwetu ni ngumu kutokea

Nianze na ya kwangu. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye semina ya siku mbili Morogoro, na wakati huo nilikuwa naishi hapohapo Morogoro, yani ukumbini nilienda na bodaboda ya buku. Siku ya pili mida ya saa kumi jioni, sambusa zimeshaisha watu wanaangalia saa, ile karatasi ikaanza kuzunguka, mnaijua wote, ina jina, unakotoka, simu, kiasi na saini. Kwenye mstari wangu nauli imeandikwa elfu arobaini. Nikamuuliza dada aliyekuwa anaizungusha mbona mimi natoka hapa hapa, akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka we saini tu, reti ni moja kwa wote." Nikasaini. Sikughushi kitu, sikudanganya mtu, na mkaguzi yeyote akija leo atakuta mahesabu yamenyooka, maana utaratibu wenyewe ndo ulisema elfu arobaini.

Hiyo karatasi iwekeni kichwani, tutairudia.

Tukiongelea hela za wabunge huwa tunachanganya vitu vitatu alafu magazeti yanavitupia vyote kapu moja yanaita marupurupu. Kuna mshahara, huo unajulikana. Kuna posho, kiasi kilichopangwa kabla unapewa kwa sababu umekuwepo tu, ukilala gesti ya elfu ishirini au hoteli ya laki mbili shauri yako na chenji ni yako. Alafu kuna kurudishiwa gharama, hapo umetoa hela kwanza kwa ajili ya kazi ya umma, unaleta risiti, mtu anaikagua, unalipwa ulichotumia na sio senti zaidi. Hivi viwili vya mwisho vinaibiwa kwa njia tofauti kabisa na vinakaguliwa kwa njia tofauti, na ndo maana mtu akisema "tunataka uwazi" bila kusema uwazi wa kipi, hajasema kitu bado.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Uingereza mwaka 2009, sio kwa sababu wao ni walimu wetu, hapana, ni kwa sababu kule kila kitu kilimwagika hadharani mpaka senti, kwahiyo unaona mashine nzima ilivyokuwa inazunguka.

Wao wana Bunge la Makabwela, hivyo ndivyo sisi tulivyolibatiza zamani, na shikeni hilo neno makabwela maana mbele litachekesha. Mbunge wa kutoka mbali ana makazi mawili kwa lazima, moja jimboni kwake na lingine karibu na bunge London. Tangu 1971 wakaweka mfuko wa kumsaidia hiyo nyumba ya pili. Wazo lenyewe sio baya, huwezi kumwambia mwalimu wa kawaida kutoka kaskazini agombee ubunge alafu London alale kwenye benchi la stesheni, ukifanya hivyo utabaki na bunge la matajiri peke yao. Shida ilianza miaka ya themanini. Serikali zikawa zinaogopa kupandisha mishahara ya wabunge maana wananchi watapiga kelele, kwahiyo yakawa kama makubaliano ya chini kwa chini, mshahara tunaubana ila kwenye madai ya gharama mjihudumie, hatutawachunguza sana. Hakuna sehemu iliandikwa hivyo lakini kila mtu mle ndani alijua. Ikifika 2009 mshahara ni kama pauni 64,000 na ushee kwa mwaka na mfuko wa nyumba ya pili peke yake unafika pauni 24,000 na kitu, na akilini mwa wengi mfuko ule ulishakuwa sehemu ya mshahara.

Sheria zenyewe zilikuwa nzuri kwenye karatasi. Zilisema gharama iwe ya lazima na iwe kwa ajili ya kazi ya ubunge tu. Lakini kwa miaka mingi chochote chini ya pauni 250 hakikuhitaji risiti (mwaka 2008 wakashusha mpaka pauni 25), na chakula ungeweza kudai hadi pauni 400 kwa mwezi bila kuonyesha kikaratasi chochote. Na anayekagua ni nani? Ofisi iliyo ndani ya bunge lenyewe, chini ya Spika, yani karani anamkagua bosi wake. Kuna kitu kinaitwa orodha ya John Lewis, hilo ni duka kubwa la vitu vya nyumbani, wale makarani walichukua bei za mle zikawa kipimo chao, televisheni isizidi hapa, kitanda kisizidi hapa. Na orodha ikafichwa, hata wabunge wenyewe hawakuonyeshwa, sababu ikiwa kwamba wakiijua bei ya juu kabisa basi wote watadai hiyo hiyo ya juu. Fikiria unavyowaamini watu mpaka unawaficha bei ya kitanda.

Sasa mchezo wenyewe mkubwa ulikuwa unaitwa kugeuza nyumba, huu ndo unatakiwa uelewe vizuri kuliko hizo stori za kuchekesha. Chukua mbunge wa kufikirika, ana nyumba jimboni na fleti London. Mwaka huu anaiandikia ofisi ya bunge kwamba nyumba ya pili ni ile fleti, basi umma unamlipia riba ya mkopo, jiko jipya, zulia, rangi. Fleti ikishang'aa anaandika barua nyingine, samahani, nyumba yangu ya pili sasa ni ile ya jimboni, na huko nako paa linaezekwa upya. Alafu fleti anaiuza na imepanda bei, akifika kwa watu wa kodi anawaambia hii ndo makazi yangu makuu, na makazi makuu ukiuza hulipi kodi ya faida. Nyumba moja, ofisi mbili za serikali, majibu mawili tofauti. Kila hatua peke yake ina kifungu kinachoiruhusu! Aliyekuwa waziri Hazel Blears baada ya mambo kulipuka alisimama mbele ya kamera ameshika cheki ya pauni 13,332 ya kulipa hiyo kodi ambayo yeye alisisitiza kisheria hakudaiwa.

Ilijulikanaje? Hapa kuna watu walihangaika miaka. Sheria ya uhuru wa habari ilianza kutumika Januari 2005, na mwandishi mmoja anaitwa Heather Brooke, amekulia Marekani ambako kupekua madai ya wabunge wa jimbo ni kazi ya kawaida ya ripota mdogo tu, akaanza kuomba apewe madai ya wabunge wa Uingereza. Akanyimwa. Akaomba jumla, akaomba kwa majina, akakata rufaa, waandishi wengine wawili nao walikuwa na maombi yao. Jirani yao hapo Scotland, mwaka huo huo 2005 kiongozi wa chama cha Conservative kule, David McLetchie, alijiuzulu sababu ya madai ya teksi, na bunge la Scotland likaamua kuweka madai yote mtandaoni, yakaisha. Westminster, yani bunge la London, wao wakachagua kupigana. 2007 wakapitisha mswada wa kulitoa bunge kwenye sheria hiyo ya habari, ukaenda kufia baraza la mabwanyenye, yani nyumba ya juu ya bunge lao wanakokaa malodi, kwa kukosa hata mtu mmoja wa kuudhamini. Mei 2008 Mahakama Kuu ikawaambia toeni. Januari 2009 serikali ikajaribu tena kuchomeka kinga kupitia mlango wa nyuma, kelele zikawa nyingi ikarudi nyuma.

Wakati wanavutana, karatasi zilikuwa zinaskaniwa na kufutwafutwa tayari kwa kutolewa "rasmi". Nakala ya data zote, zikiwa hazijafutwa, ikatoka mle ndani kwenye diski ikauzwa kwa gazeti la Daily Telegraph. Gazeti lenyewe lilikuja kusimulia baadae kwamba chanzo kilikuwa na hasira baada ya kuona wanajeshi wakilinda ile kazi kama kibarua cha pembeni wapate hela ya kujinunulia vifaa vya vitani, huku kwenye skrini wanapita watu wanadai mito na mazulia. Tarehe 8 Mei 2009 wakaanza kuchapa, na hawakumwaga zote siku moja, walitoa kidogo kidogo wiki kwa wiki, kila asubuhi wabunge wanaamka wanaangalia leo zamu ya nani.

Na hapo ndo makabwela wakajulikana. Peter Viggers, kibanda cha bata kinachoelea bwawani, pauni 1,645. Douglas Hogg, gharama za kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake, pauni elfu mbili na mia moja na kitu. Waziri wa mambo ya ndani Jacqui Smith, za kwake zilishaanza kuvuja tangu Machi, kizibo cha beseni la kuogea, senti 88, na bili ya televisheni ambayo ndani yake kulikuwa na filamu mbili za wakubwa alizoangalia mumewe. David Cameron mwenyewe, bado hajawa waziri mkuu, alirudisha pauni 680 za matengenezo ya nyumba, ikiwemo kukata mimea iliyotambaa ukutani.

Lakini ngoja. Kile kibanda cha bata hakikulipwa. Kuna karani aliandika kwenye ile karatasi kwamba hili hairuhusiwi, na likaishia hapo. Hogg naye alibisha kwamba hakudai handaki kama handaki, alipeleka orodha ya gharama zake zote za nyumba na ofisi ikamlipa kiasi walichokubaliana. Yani alama kubwa ya skendo nzima, kitu ambacho mpaka leo ukimtajia Muingereza anacheka, ni dai moja ambalo mfumo uliligundua ukalikataa, wakati ule mchezo wa kugeuza nyumba uliobeba maelfu ya pauni watu wengi hata hawaukumbuki. Mimi huwa naona hii ndo tabia yetu binadamu, kizibo cha senti 88 kinatuuma kuliko riba ya mkopo kwa sababu kizibo tunakijua, tumewahi kukinunua.

Juni 18 bunge likatoa toleo lake rasmi na hapa ndo pa kujifunza kwelikweli. Kurasa zimejaa wino mweusi. Wamefuta namba za akaunti, sawa, hiyo hakuna anayegomba. Ila wamefuta pia anuani za nyumba, kwa sababu za usalama wakasema. Sasa bila anuani utajuaje kama nyumba iliyokuwa ya pili mwezi wa tatu ni tofauti na ile ya mwezi wa tisa? Hujui. Kama ile diski isingetoka, umma ungepata malaki ya kurasa, ungeambiwa uwazi huo hapo, na mchezo mkubwa kuliko yote usingeonekana hata kwa darubini. Unaweza kumwaga karatasi nyingi mno na bado ukaficha mstari mmoja ambao ndo wenye kesi.

Matokeo yake Spika Michael Martin alilazimika kuachia kiti, wa kwanza kuondolewa hivyo tangu 1695. Ukaguzi wa Thomas Legg ukawaambia wabunge zaidi ya 380, waliokuwepo na waliostaafu, warudishe jumla ya kama pauni milioni 1.1, na ukaguzi wenyewe ukagharimu karibu hela hiyo hiyo. Waliofungwa ni wachache, wabunge watano na malodi wawili, wa mwisho Desemba 2013. David Chaytor alidai kodi ya pango ya fleti ambayo mwenye fleti ni yeye mwenyewe. Elliot Morley alidai riba ya mkopo wa nyumba ambao ulishalipwa ukaisha. Baadhi yao walijaribu hoja moja ya ajabu kwamba wana kinga ya bunge ya tangu 1689, mahakama ya juu kabisa ikawaambia mwishoni mwa 2010 kwamba kinga ni ya kuongea bungeni, kujaza fomu ya madai sio kuongea bungeni.

Wengine wote walibaki na sentensi moja, nilifuata sheria. Na kwa bahati mbaya wengi walikuwa wanasema kweli, sheria walijitungia wenyewe, wakajikagulia wenyewe, kwahiyo kuzifuata ilikuwa rahisi tu.

Baada ya hapo wakaunda chombo huru, kinaitwa IPSA, kikaanza kazi Mei 2010 bunge jipya lilipoingia. Hakiko chini ya Spika, kinapanga viwango, kinakagua, kinalipa, na kinaweka kila dai mtandaoni na lililokataliwa linawekwa pia. Riba ya mkopo wa nyumba haikulipwa tena kwa wapya, unalipiwa kodi ya pango na bili za nyumba, kwahiyo mchezo wa kugeuza ukafa kwa kukosa cha kugeuza. Hata mishahara ya wabunge sasa inapangwa nao. Wabunge wakaichukia hiyo ofisi, wakalalamika fomu ngumu na simu hazipokelewi, na mengine walikuwa na haki.

Je wizi na uzembe uliisha? Hapana, ila sasa unaonekana bila kuhitaji diski ya kuibwa. Mwaka 2013 ikaonekana kwenye madai ya Nadhim Zahawi bili ya nishati ya zaidi ya pauni 5,800 kwa mwaka, ndani yake kuna umeme wa zizi la farasi. Akaomba radhi akasema ni makosa, atarudisha hiyo sehemu ya zizi. Kumbe hata data ikiwa wazi mtu wa kuisoma lazima awepo. Na kuna upotoshaji wa upande wa pili pia, kila mwaka magazeti yanaandika mbunge fulani kadai zaidi ya pauni laki mbili, watu wanapandwa na mori, kumbe sehemu kubwa ya hiyo ni mishahara ya wasaidizi wa ofisi yake, haigusi mfuko wake. (Ingawa walikuwepo wasaidizi ambao ni mke au mtoto, ndo maana walioingia kuanzia uchaguzi wa 2017 wakakatazwa kuajiri ndugu kwa hela hiyo.)

Haya turudi kwetu.

Mei 2013 wanaharakati Nairobi wakiongozwa na Boniface Mwangi walimwaga nguruwe na damu nje ya bunge, wabunge walikuwa wanataka mshahara urudi kwenye laki nane na kitu kutoka laki tano na kitu ambayo Tume ya Mishahara na Marupurupu iliwapangia. Tume ni huru, kikatiba kabisa, jambo ambalo Waingereza walilipata baada ya aibu. Mshahara ukabanwa, sasa angalia hela ilipotokea. Tume ya Huduma za Bunge, ambayo ni ya wabunge wenyewe, ikaja kuwapa posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi kila mmoja. Kesi ikaenda, Desemba 2020 Mahakama Kuu ikasema sio halali. Ni ile ile stori ya Uingereza ya miaka ya themanini, ukiubana mshahara hela inatafuta njia kwenye posho kama maji chini ya mlango.

Bongo nako, mwishoni mwa 2011 ikatoka habari posho ya kikao inapanda kutoka 70,000 kwenda 200,000 kwa siku, na bado kuna hela ya kujikimu na ya usafiri pembeni, Spika wa wakati huo Anne Makinda akatetea kwamba maisha Dodoma yamepanda. Zitto Kabwe mwaka huo alishaandika kwamba yeye ya kikao haitaki, hoja yake na ya wenzake ikiwa rahisi tu, kukaa kikaoni ndo kazi yenyewe niliyoajiriwa, sasa nalipwa mara ya pili kwa kuifanya? Mijadala ikawa mikali, mitandao ikawaka.

Lakini ona tofauti. Kule London watu waligombana kuhusu bata kwa sababu kulikuwa na risiti ya bata. Huku tuligombana kuhusu kiwango, laki mbili ni nyingi au kidogo, tukaishia hapo, kwa sababu nyuma ya laki mbili hakuna karatasi nyingine yoyote. Hata ukipewa diski ya kila kitu utakuta jina, tarehe, saini, 200,000. Hakuna kizibo, hakuna handaki, hakuna cha kuchapisha. Skendo ya madai inahitaji madai, na posho haidaiwi, inasainiwa. Mimi na nauli yangu ya elfu arobaini nipo kwenye faili fulani mpaka leo, safi kabisa.

Sisemi posho yote ifutwe tudai risiti kila kitu, hapana. Risiti nazo tunazijua. Kila aliyewahi kufanya kazi za safari anaijua ile gesti ambayo ukiwa unaondoka kijana wa mapokezi anakuuliza "bosi nikuandikie shilingi ngapi?", na risiti ya mashine ukiitaka anakwambia mashine mbovu. Denis MacShane, huyo mbunge wa mwisho kufungwa kwenye skendo ile, kosa lake lilikuwa ankara za kughushi. Kukagua risiti elfu kumi kunahitaji makarani, muda na hela, wakati kiwango kimoja kwa wote ni rahisi na kama kimepangwa vizuri kinaweza kuwa cha haki kuliko fomu. Vigezo viwili tu vinanisumbua kwenye posho, nani amepanga hicho kiwango, na je ulikuwepo kweli. Cha kwanza ndo Wakenya wamekipigania mahakamani. Cha pili karibu hakuna anayekiuliza.

Na hicho cha pili ndo mtu wa kawaida anaweza kukishika. Usianze na bunge, anza na madiwani wa halmashauri yako. Tanzania Bara kuna sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2016, halmashauri zimo na wana siku 30 za kukujibu, Kenya nao sheria yao ni ya 2016 hiyo hiyo na ni siku 21, kwahiyo kaunti yako ipo. Ila barua usiandike "naomba taarifa za matumizi ya baraza", utaletewa jumla, na jumla ni wino mweusi wa aina nyingine. Omba vitu viwili vya robo moja ya mwaka, karatasi ya mahudhurio ya kila kikao na kila kamati, na karatasi ya malipo ya siku hizo hizo, zote kwa majina na tarehe. Ziweke mezani pamoja. Anza na siku ambayo kamati tatu zilikaa kwa wakati mmoja, angalia nani kasaini zote tatu.